Sikio la Ndani na Walinzi Wake

Katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya mji wa Paris katika nchi ya Ufaransa, alikuwako fundi wa matandiko ya farasi. Mwaka 1812 mwanawe mdogo, mtoto wa miaka mitatu, aliingia katika karakana ya babaye, akatwaa msharasi wa kutobolea ngozi, akauchezea, nao ukateleza ukamchoma jicho. Jicho lile likaharibika, na hilo halimshangazi mtu. La kushangaza ni kwamba baada ya muda jicho la pili, ambalo msharasi haukuligusa, nalo likaanza kuwa jekundu na kuuma, nuru yake ikafifia, hata mtoto alipofika miaka mitano alikuwa kipofu kabisa. Mtoto huyo ndiye Louis Braille, aliyebuni yale maandishi ya nukta ambayo hata leo vipofu wetu huyasoma kwa vidole.

Msomaji ataniuliza, "Mwalimu, umetuahidi habari za sikio, mbona watuletea habari za jicho?" Naomba subira. Njia iliyowafikisha wenye elimu katika giza la sikio ilipita kwanza katika jicho, wala sioni njia nyingine fupi ya kukuongoza.

Nami sababu ya kuandika ninayo. Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa makamo, mwenye sauti njema ya kuanzisha wimbo, alianza siku moja kulalamika kwamba watoto wa darasa lake wananong'ona. Hawakuwa wakinong'ona. Baada ya juma moja alisikia mvumo katika sikio la kushoto, kama wa nyuki mzingani. Baada ya majuma matatu akawa akisimama hupepesuka, ashike ukuta. Alipokwenda kutibiwa aliambiwa kwanza kuwa ni taka za masikio, akaoshwa. Mara ya pili akaambiwa kuwa ni uzee, naye alikuwa na miaka 41. Jirani hawakukosa kusema ya kwao, kwamba yuko mtu aliyemwonea kijicho kwa sababu ya kazi yake. Miezi minne ikapita hivyo. Alipofika kwa daktari wa masikio, neno la kwanza aliloulizwa lilikuwa, "Kwa nini hukuja mapema?" Sikio la kulia lilirudi kiasi kwa dawa, la kushoto halikurudi. Siandiki haya ili nimlaumu mtu, kwa kuwa maradhi yenyewe hayakuwa na jina katika vitabu vya uganga mpaka mwaka 1979, na habari za vitabu huchelewa sana kufika vijijini. Lakini yafaa zifike.

Basi tutazame kwanza nyumba yenyewe. Sauti huingia katika tundu la sikio, ikakigonga kiwambo kilichowambwa kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna vifupa vitatu vidogo kuliko vyote mwilini, navyo vimepewa majina ya nyundo, fuawe, na kikuku cha mpanda farasi. Hivyo hupokezana mtikisiko mpaka katika sikio la ndani, ambalo limefichwa katika mfupa mgumu mno wa kichwa. Huko ndani mna njia zilizopindika, nyingine za kulinda mwili usianguke, na moja iliyojisokota mizunguko miwili na nusu, mfano wa nyumba ya konokono. Ukiinyosha, urefu wake hauzidi sentimeta tatu na nusu au karibu na hapo. Katika kijumba hicho ndimo muziki wote wa dunia upitamo.

Watu wa kale walifundishwa kwamba ndani ya konokono huyo mna hewa safi, tuliyozaliwa nayo, na kwamba hewa hiyo ndiyo isikiayo. Mafundisho hayo, yaliyotoka kwa Wayunani, yalidumu zaidi ya miaka elfu mbili, na hakuna aliyeyapinga kwa nguvu mpaka kijana mmoja wa Naples, Domenico Cotugno, alipotoa kitabu chake mwaka 1761, akionyesha ya kuwa njia zile zimejaa maji. Umri wake haukufika hata miaka thelathini. Waliomtangulia waliitazama mifupa mikavu, ambayo maji yake yalikwisha kutoka, na mahali palipokuwa patupu wakapatia hewa. Ni kosa ambalo hata sisi twaweza kulifanya, kumhukumu kiumbe kwa kuutazama mzoga wake.

Baada ya miaka tisini akaja Alfonso Corti, mtu wa ukoo wa kikabaila katika Italia ya kaskazini, aliyesafiri kwenda Ujerumani kujifunza katika mji wa Würzburg kutumia hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho. Alipata masikio ya wanyama na ya watu, akayakata vipande vyembamba, akayatia rangi ili sehemu zake zitofautiane, akatazama kwa subira. Mwaka 1851 alitoa habari ya alichokiona: juu ya utando mwembamba uliolala katika konokono pamejipanga safu za chembe zenye vinyweleo. Leo twajua ya kuwa katika kila sikio la mtu mna chembe hizo elfu kumi na tano hivi. Maji yakitikisika, utando huinuka na kushuka, vinyweleo hupinda, na chembe hupeleka habari katika mshipa wa fahamu mpaka ubongoni. Georg von Békésy, mtu wa Hungaria, ndiye aliyeuchunguza mwendo wa utando ule, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kazi hiyo.

Corti hakuendelea na kazi yake. Baba yake alipokufa alirithi cheo na mashamba, kisha akashikwa na maradhi ya viungo yaliyompinda mikono na miguu, mkono uleule uliokata vipande vyembamba kuliko karatasi ukawa haufai kitu. Alikufa mwaka 1876. Naomba msomaji ayaweke moyoni maradhi hayo ya viungo, maana tutakutana nayo tena.

Jambo moja zaidi juu ya chembe hizi. Kwa ndege, chembe za sikio zikifa huota nyingine badala yake. Jambo hili lilijulikana katika miaka ya 1980 na kitu. Kwa binadamu hazioti. Chembe iliyokufa imekufa. Kwa sababu hiyo kwa muda mrefu madaktari walikuwa na neno moja tu kwa mtu ambaye sikio lake la ndani limeharibika: hapana dawa. Usaha wa sikio la kati waliutibu, kiwambo kilichotoboka waliweza kukiziba, lakini uziwi wa ndani waliuandika katika daftari, wakamwita mgonjwa wa pili.

Sasa tuwaache mafundi wa sikio, twende kwa watu wengine ambao hawakujishughulisha na sikio hata kidogo.

Mwaka 1882, katika mji wa Messina pwani ya Sisilia, Mrusi mmoja jina lake Ilya Metchnikoff aliwachoma miiba midogo watoto wa kiti cha pwani, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, ambao wakiwa wachanga mwili wao hupenyeza nuru kama kioo. Asubuhi yake akatazama, akaona chembe zimeuzingira mwiba kama watu wa kijiji wanavyomzingira nyoka. Akafahamu ya kuwa mwili una askari wake, ambao huwameza wageni wabaya. Wakati uleule Wajerumani walikuwa wakigundua ya kuwa damu nayo ina silaha, vitu visivyoonekana ambavyo hujishika na vijidudu au sumu na kuzidhoofisha. Siku hizi twaviita kingamwili. Chanjo zote za watoto wetu zimesimama juu ya maarifa haya mawili, kwa kuwa kumchanja mtoto ni kuwafundisha askari wake sura ya adui kabla adui hajaja.

Lakini swali gumu lilibaki. Askari wamjuaje adui? Paul Ehrlich, aliyegawana tuzo ya Nobel na Metchnikoff mwaka 1908, aliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine, akaona ya kuwa wanatengeneza silaha za kuiharibu damu hiyo ya wenzao. Lakini damu yao wenyewe hawakuigusa kamwe. Akasema mwaka 1901 ya kuwa mwili una hofu ya kujitia sumu wenyewe, nao hujizuia. Neno hilo likapendwa, likakaririwa vyuoni, na kama ilivyo desturi ya neno la mkubwa, likageuka kuwa sheria ambayo Ehrlich mwenyewe hakuitunga: kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa. Mwaka 1904 Donath na Landsteiner, huko Vienna, walionyesha watu ambao damu yao hujiharibu yenyewe wakipatwa na baridi, nao ni kwa silaha zilizomo katika damu hiyohiyo. Mwaka 1910 Elschnig wa Prague alieleza habari ya macho kama ya Louis Braille: jicho moja likijeruhiwa, vitu vilivyokuwa vimefichika ndani yake humwagika, askari huviona kwa mara ya kwanza, huvidhania kuwa ni vya adui, kisha huenda kuvitafuta katika jicho la pili, wakavikuta, wakapigana navyo. Lakini wengi walisikia, wakatikisa kichwa, wakarudi kwa neno la mkubwa.

Karibu miaka hamsini ilipita hivi. Ndipo mwaka 1956, huko Buffalo katika Marekani, Rose na Witebsky walipochukua tezi ya shingo ya sungura, wakaiponda, wakamdunga sungura yuleyule maji ya tezi yake mwenyewe pamoja na dawa ya kuwaamsha askari, na tezi iliyobaki shingoni ikashambuliwa. Mwaka huohuo huko London walionekana watu ambao damu yao ina silaha juu ya tezi zao. Mlango ulikuwa umefunguka. Maradhi mengi yaliyokuwa hayana asili yakaanza kuitwa kwa jina lake, na moja lao ni lile la viungo, la jamii ya yaliyompinda Corti mikono.

Nalo lilikwisha kupata dawa kabla halijafahamika vema. Mnamo Septemba 1948, katika hospitali ya Mayo huko Rochester, Marekani, Philip Hench alimdunga mama mmoja aliyekuwa hawezi kutembea kwa maumivu ya viungo dawa iliyoitwa kotisoni, na baada ya siku chache mama yule akatembea. Hench na wenzake wawili, Kendall na Reichstein, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1950. Dawa hii huwapumbaza askari wa mwili, wakaiweka mikuki chini. Msomaji asidhani ya kuwa jina la kotisoni limetoka kwa Corti. Limetoka katika ganda la tezi iliyo juu ya figo, ambamo dawa yenyewe hutengenezwa kwa asili, nako kufanana kwa majina ni bahati tu. Lakini mimi kila niyasomapo majina haya mawili nawaza jinsi ambavyo dawa hiyo ingeweza kumpunguzia Corti maumivu ya mikono yake, na jinsi ambavyo ilikuja kuwa tegemeo la masikio ambayo yeye wa kwanza aliyaona kwa ndani.

Turudi basi katika sikio. Mwaka 1945 daktari wa macho wa Boston, David Cogan, aliandika habari za wagonjwa ambao kioo cha jicho kimevimba na wakati huohuo, au muda kidogo baadaye, hupatwa na kizunguzungu, mvumo na uziwi wa masikio yote mawili. Zamani mtu wa namna hiyo alihesabiwa mara moja kuwa ana kaswende, jambo lililovunja heshima yake na pengine nyumba yake. Cogan alionyesha ya kuwa hawa hawana kaswende hata kidogo. Ugonjwa huo huitwa kwa jina lake mpaka leo. Hakujua kwa hakika unatoka wapi, lakini alikuwa amekwisha kuyaweka jicho na sikio pamoja mezani. Na mwaka 1958 Mjerumani Ernst Lehnhardt, akiwatazama watu waliopotewa na masikio yote mawili kwa ghafula, moja baada ya jingine, aliuliza swali lilelile la Louis Braille: je, sikio la kwanza likiharibika, haiwezekani mwili ukatengeneza silaha zinazoliangamiza la pili?

Swali zuri, lakini walijibuje? Hapa ndipo ugumu wa sikio ulipo. Ini likiugua, daktari huchoma sindano akatoa kipande akakitazama. Ngozi likadhalika. Lakini sikio la ndani la mtu aliye hai haliwezi kukatwa kipande bila kuliua kabisa. Tena wengi waliamini ya kuwa askari hawafiki huko, kwa kuwa kati ya damu na maji ya sikio kuna ukuta usiopitisha kila kitu, kama ule uliopo kati ya damu na ubongo. Walilihesabu sikio kuwa mji usio na askari, basi hauna vita.

Aliyevunja ukimya alikuwa Brian McCabe, daktari wa masikio wa chuo kikuu cha Iowa. Mwaka 1979 alitoa habari za wagonjwa 18 ambao uziwi wao haukulingana na wowote uliokuwa katika vitabu. Haukuja kwa saa moja kama ule wa ghafula, wala kwa miaka mingi kama ule wa uzee. Ulikuja kwa majuma na miezi. Ulishika masikio yote mawili, lakini moja zaidi kuliko jingine. Baadhi ya wagonjwa hao walikuwa na vidonda vya sikio la kati na mfupa wa nyuma yake, na McCabe alipotazama nyama ya humo kwa hadubini aliona mishipa ya damu imeshambuliwa na askari wa mwili wenyewe. Askari wa damu yao walipokutanishwa na vitu vya sikio la ndani walionyesha dalili za kuvijua. Kisha akawapa dawa za jamii ya kotisoni, na nyingine kali iitwayo siklofosfamaidi ambayo hutumika katika saratani, na kusikia kwao kukarudi.

Natamani msomaji alipime neno hili kama lilivyopimwa siku ile na madaktari. Kwa vizazi vyote uziwi wa ndani ulikuwa mlango uliofungwa na ufunguo ukatupwa. Huyu anasema uko mmoja, hata kama ni wa watu haba, ambao mlango wake hufunguka, ila sharti ubishwe hodi mapema. Wengine walimwamini mara moja, kupita kiasi, wakawapa dawa kali watu wengi wasio na ugonjwa huo. Wengine walisema 18 si hesabu. Yote mawili ni desturi ya wanadamu.

Kazi ya kuhakikisha ikafanywa zaidi na Jeffrey Harris na wenzake katika chuo kikuu cha California mjini San Diego. Walitumia simbilisi, wale wanyama wadogo ambao watu wa Nyanda za Juu za Kusini hufuga kwa kitoweo, kwa kuwa konokono wa sikio lao hufikika kwa urahisi. Wakawafundisha askari wa simbilisi kuichukia protini ya damu ya konokono mmoja wa baharini, kisha wakaitia protini hiyo ndani ya konokono wa sikio. Nao askari wakafika! Mji uliodhaniwa hauna ulinzi ulijaa askari kwa siku chache, na kusikia kwa mnyama kukapungua. Mwaka 1987 Harris aliwadunga simbilisi vitu vya sikio la ndani la ng'ombe, na yapata theluthi ya masikio yao yakapoteza kusikia, bila mtu kuyagusa.

Walitaka pia kujua askari hupitia wapi. Katika sikio la ndani kuna kifuko kidogo, mwisho wa mfereji mwembamba, kilichoegemea ngozi ya ubongo. Wenye elimu wa Sweden walikwisha kuona katika kifuko hicho askari wakubwa na wadogo wamekaa pamoja kana kwamba wako barazani. Kundi la Harris likakiharibu kifuko kile kwa simbilisi, na vita vya sikioni vikapungua sana. Kumbe hapo ndipo boma lilipokuwa. Na katika karne hii imeonekana ya kuwa hata ndani ya konokono mwenyewe, kandokando ya zile chembe za Corti, wapo walinzi wachache wanaoishi humo siku zote, wakisafisha mabaki ya chembe zilizokufa.

Hapa nafsi yangu yasimama kidogo. Yawezekanaje mlinzi yuleyule awe rafiki na mharibifu? Lakini tazama homa ya uti wa mgongo, ambayo katika nchi zetu imewafanya viziwi watoto wengi kupita hesabu ya huu ugonjwa wa McCabe. Vijidudu hupita katika njia nyembamba kutoka maji ya ubongo mpaka sikio la ndani, na askari huwafuata humo. Vita hupiganwa katika chumba kisichozidi mbegu ya kunde. Hata vijidudu wakiuawa wote, chumba chenyewe kimebomoka, na makovu yake hugeuka kuwa mfupa. Mwaka 1988 madaktari wa Dallas, Marekani, walitoa habari ya kuwa watoto waliopewa dawa ya jamii ya kotisoni pamoja na dawa ya vijidudu walipona na uziwi haba zaidi. Furaha ikawa kubwa. Lakini dawa hiyohiyo ilipojaribiwa huko Blantyre katika Malawi kwa watoto 600 hivi, habari ikatolewa mwaka 2002 kwamba haikuwasaidia. Watoto wa Blantyre walifika hospitali wamechelewa, wengi wana upungufu wa damu na virusi vya ukimwi. Vita vilikuwa vimekwisha kupiganwa. Dawa haijui ramani, lakini mwendo wa kutoka kijijini mpaka hospitali ni sehemu ya ugonjwa. Kilichosaidia zaidi ni chanjo, maana adui aliyezuiwa mpakani hapigiwi vita chumbani.

Nao ugonjwa wa McCabe wenyewe, ingawa una jina, haujapata kipimo cha hakika. Mwaka 1990 Harris na mwenzake Sharp walipata katika damu ya baadhi ya wagonjwa kingamwili fulani iliyojishika na protini moja ya sikio, watu wakadhani kipimo kimepatikana. Baadaye ilionekana ya kuwa kingamwili hiyo yaweza kuwamo kwa watu wengine pia, na kwa wagonjwa wengi isiwemo. Hata leo daktari huhukumu kwa mambo matatu: mwendo wa ugonjwa, kipimo cha kusikia kinachorudiwa mara kwa mara, na kama dawa imesaidia.

Na dawa yenyewe ni upanga wenye makali kuwili. Prednisoni, ndugu yake kotisoni, ikipewa kwa wingi kwa majuma kadhaa, huwarudishia kusikia zaidi ya nusu ya wagonjwa kwa kiasi fulani. Lakini askari waliolazwa usingizi hawalindi kitu kingine chochote. Kifua kikuu kilicholala huamka, sukari hupanda, mifupa hulainika, na ikiachwa ghafula mtu huweza kufa. Kwa hiyo walitafuta dawa nyingine ya kushika mahali pake. Walidhani ni methotreksati. Wagonjwa 67 waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa dawa hiyo na wengine kidonge kisicho na kitu, na habari yao ilitolewa mwaka 2003: hakuna tofauti. Wengi waliokuwa wakiitumia kwa miaka walisikitika. Mimi naona kazi ile ilikuwa ya heshima, kwa kuwa si rahisi daktari kupima kitu alichokwisha kukiamini, na kukiri mbele ya watu kwamba hakikufaa.

Haifai mtu asome haya akadhani ya kuwa kila asiyesikia ana vita vya namna hii. Ugonjwa huu ni wa nadra. Wazee wetu wengi wamepungukiwa na masikio kwa umri, wengine kwa kelele za mashine, watoto kwa usaha, surua, matubwitubwi, au rubela iliyompata mama akiwa mjamzito. Na kwinini ikinywewa kwa wingi huvumisha masikio, kama walivyojua babu zetu walioinywa. Lakini mtu wa makamo ambaye masikio yake mawili yapungua kwa majuma, leo afadhali, kesho vibaya, pamoja na mvumo na kizunguzungu, na zaidi kama ana maumivu ya viungo au macho mekundu, huyo asiambiwe ni uzee, wala asikae nyumbani akingoja kuona. Hesabu yake ni ya siku.

Yanenwe na haya ya mwisho, ingawa si mazuri kusikia. Kwa kuwa sikio la ndani haliwezi kutazamwa kwa mtu aliye hai, wako wagonjwa huko Ulaya na Marekani waliousia kwamba wakifa mifupa yao ya masikio itolewe, ichunguzwe, ili wengine wafaidiwe. Madaktari waliikata mifupa ya baadhi ya watu waliokuwa na ugonjwa wa Cogan na magonjwa ya jamii yake. Katika konokono, mahali ambapo Cotugno aliona maji, waliona nyuzinyuzi za kovu, na mahali pengine mfupa mpya umeota, umejaza njia. Chembe za Corti hazikuwapo. Habari hiyo iliwafaa walio hai kwa jambo moja. Siku hizi mtu aliyepotewa na masikio yote aweza kutiwa ndani ya konokono uzi mwembamba wa umeme, unaougusa mshipa wa fahamu badala ya chembe zilizokufa. Kazi hiyo ilianza Paris mwaka 1957. Lakini uzi hauwezi kupita katika njia iliyozibwa na mfupa. Kwa hiyo daktari aonaye ya kuwa vita vimekwisha na sikio limeshindwa, hutazama mapema kwa picha kama njia ingali wazi, na ikiwa inaanza kuziba, haahirishi.

Mwalimu mwenzangu alipigwa picha hiyo. Njia ya sikio la kushoto imeziba nusu. La kulia lingali wazi, naye bado hufundisha, ila dawati lake amelihamishia upande wa dirisha, ili watoto wote wawe kuliani mwake.